Free kwa Kislovaki: slobodný, voľný au zadarmo?

Mkuu, umeuliza neno free la Kiingereza linasemwaje kwa Kislovaki, kwa sababu programu ya simu imekupa slobodný, voľný na zadarmo kwa mpigo na hujui ushike lipi. Nilisoma Bratislava, mji mkuu wa Slovakia, miaka minne, na neno hili lilinisumbua kuliko sarufi yote. Ushauri wangu: hapa weka Kiingereza pembeni kabisa. Anzia kwenye Kiswahili, maana sisi tuna huru, tuna bure, tuna nafasi, na Mslovaki naye kagawa karibu palepale tulipogawa sisi.

Muhula wa kwanza nilipanda treni kwenda mji wa Žilina. Behewa limejaa, nikaona kiti ambacho bibi mmoja alikuwa amewekea kikapu chake. Nikawaza kwa Kiingereza, nikamuuliza: "Je tu slobodné?" Akanitazama kidogo, akashusha kikapu miguuni, akanijibu polepole kama anayefundisha mtoto: "Slobodná je moja vnučka. Miesto je voľné." Yaani, ambaye hajaolewa ni mjukuu wangu; kiti ndicho kiko wazi. Sijayachanganya tena tangu siku hiyo, na yule bibi namshukuru mpaka leo.

Basi slobodný ni huru, ule uhuru wa watu na mataifa. Slobodné voľby ni uchaguzi huru, kama ule wa Juni 1990, wa kwanza baada ya wakomunisti kuachia madaraka. Sloboda slova ni uhuru wa kusema. Katikati ya Bratislava kuna Námestie slobody, Uwanja wa Uhuru. Lakini neno hilohilo utalikuta kwenye fomu, sehemu ya hali ya ndoa: slobodný ni mwanamume ambaye hajaoa, slobodná ni mwanamke ambaye hajaolewa. Aliyeoa ni ženatý, aliyeolewa ni vydatá. Hapo Mswahili hapati shida, maana hata sisi kuoa ni kwake na kuolewa ni kwake. Kwa hiyo usimwambie mwanafunzi mwenzako "dnes večer som slobodný" ukitaka kusema una nafasi leo jioni. Sema "mám čas", nina muda, basi.

Voľný ni wazi, hakuna aliyekishika. Na neno linafuata jina kama kwenye ngeli zetu: voľný stôl ni meza iliyo wazi, voľná stolička ni kiti, voľné miesto ni nafasi, iwe ya kukaa au ya kazi. Kwenye kitasa cha choo utasoma voľné, na mtu akiwemo, obsadené. Siku ya mapumziko ni voľno. "Zajtra mám voľno" ndiyo "kesho nina ofu". Hata suruali isiyobana ni voľné kwao, maana nohavice, suruali, wao huihesabu kama wingi. Pa kuwa macho ni kwenye tangazo la Vstup voľný: hapo maana yake ni kwamba kuingia hakuna kiingilio, kwa hiyo voľný imeingia kidogo shamba la bure.

Bure yenyewe ni zadarmo. Tamka kwa kukaza silabi ya kwanza, ZA-darmo. Sisi ulimi hukimbilia ya pili kutoka mwisho, na Mslovaki anaweza asikuelewe. Kwenye karatasi za ofisi wataandika bezplatný, lenye kulipa ndani yake: bila malipo. Mwaka 2014 serikali ilipoanza kuwasafirisha wanafunzi na wastaafu kwenye treni bila nauli, watu waliziita vlaky zadarmo, hakuna aliyesema slobodné. Wana na methali, "Zadarmo ani kura nehrabe", hata kuku hachakuri bure. Nilipoisikia mara ya kwanza niliona kama imetoka kijijini kwetu.

Na hapa ndipo nilipoipenda lugha yao. Bure yetu ina sura mbili, ya kutolipa na ya kupoteza nguvu, kama tunaposema kazi bure. Wao wamebadilisha kiambishi tu: zadarmo ni bila malipo, nadarmo ni bila faida. Amri ya Mungu tunayoisoma "Usilitaje bure jina la Bwana, Mungu wako", wao wanasema nadarmo. Shina ni darmo, na ndani yake kuna dar, zawadi. Ukimsikia mtu anapumua na kusema "darmo je", anamaanisha ndiyo hivyo, hakuna la kufanya.

Ile free inayogandishwa nyuma ya maneno, kama sugar-free, kinywaji kisicho na sukari, wala isikuumize kichwa: ni bez. Bez cukru, bila sukari.

Ukifika, sentensi utakayoitumia mapema zaidi ni "Je tu voľné?" Ndiyo "Hapa pana mtu?" yetu ya kwenye basi. Ila sikiliza jibu vizuri, maana swali lao limegeuzwa. Kwetu ukijibiwa "hapana" unakaa. Kwao ukijibiwa "nie", tafuta kiti kingine. Ukisikia "áno", weka begi juu ukae.