Kazi Yako ya Chuo Imalizie kwa Mchapaji, Si Kwenye Skrini

Kila muhula mpya ukifunguliwa, vijana wanaoingia chuo cha sanaa hapa Mombasa huniuliza maswali yale yale: ninunue laptopu gani, nianze na programu ipi, nimtafute nani anifundishe Illustrator, ile programu ya Adobe ya kuchorea? Hayo nitayajibu upesi. Laptopu yoyote isiyogandaganda ukifungua faili kubwa itakufaa. Kama Adobe huiwezi kwa bei, Inkscape ni ya bure na hufanya kazi za vekta, yaani michoro isiyopoteza ukali ikikuzwa, vizuri sana. Krita ya kuchora na GIMP ya kuhariri picha nazo ni za bure. Mwalimu hajali umechorea wapi.

Kinachowaangusha wengi ni kingine kabisa. Wanabuni kwa kuangalia skrini, ilhali kazi yenyewe inakwenda kuishi juu ya karatasi, kitambaa au ukuta wa nje. Nembo inang'aa kwenye laptopu, kisha siku ya kuwasilisha inabandikwa ubaoni imepooza, na mwenyewe anailaumu mashine.

Mashine haina kosa. Skrini hutoa rangi kwa mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu. Mchapaji ana wino nne tu: sayani, majenta, njano na nyeusi. Zipo rangi ambazo mwanga unaziweza na wino hauziwezi. Kijani kali na buluu iliyokolea ndizo huzimika zaidi. Kwa hiyo faili la kuchapwa lifungue katika CMYK, yaani mfumo wa wino hizo nne, tangu siku ya kwanza, usingoje kugeuza usiku wa mwisho. Na maandishi madogo meusi yape wino mweusi peke yake. Ukiyachanganya na wino zote nne, karatasi ikisogea hata kidogo mashinini, kila herufi inatoka na kivuli cha rangi pembeni.

Mambo haya nilifunzwa na fundi mmoja wa chapa huku mjini, aliyeniruhusu kusimama karibu naye akifanya kazi. Siku moja alikuwa akikata vipeperushi, rundo zima kwa mkupuo mmoja. Akaniita, akaniwekea kidole kwenye ukingo: karatasi ya juu na ya chini hazikulingana, kisu kilikuwa kimezisukuma kidogo. "Mwanangu, kisu hakiuoni mstari wako," akaniambia. Pale ndipo nilipofahamu kwa nini kila upande huongezwa milimita 3 za rangi nje ya mstari wa kukatia, ile ziada ambayo mafundi huiita blidi. Darasani nilikuwa nimeiandika daftarini kama kanuni. Kwenye lile rundo niliishika kwa mkono. Kwa hiyo nakusihi, tafuta fundi wako mapema, umsalimie vizuri, uende wakati hana msongamano, na usione haya kuuliza.

Shule nyingine iko Mtaa wa Biashara, nayo haina karo. Simama mbele ya leso zilizotundikwa uzitazame kama mwanafunzi. Leso ina pindo, ina mji, yaani sehemu ya katikati, ina jina, yaani msemo wake. Pindo linazunguka kote na kuifunga kazi. Mji unabeba umbo kubwa linaloonekana mtu akiwa mbali. Jina linakaa sehemu yake, linasomwa na aliye karibu. Mpangilio huo umebeba ujumbe tangu enzi za majina kuandikwa kwa herufi za Kiarabu hadi leo. Chukua leso yenye alama ya Mali ya Abdulla, ya duka lililoanza mwaka 1887, uhesabu rangi zake: mara nyingi ni chache, na hazigombani. Ukipewa kazi ya bango darasani, jaribu kwanza kulichora kwa rangi mbili na eneo tupu la kitambaa au karatasi. Likisimama hivyo, basi limesimama. Mimi naamini kabisa kwamba mwanafunzi wa Mombasa anayehangaika kutafuta mifano kwenye mitandao ya Ulaya na hajawahi kuitazama leso ya mamake kwa makini anajinyima hazina.

Halafu kuna jua letu. Ukienda Likoni au Kongowea, angalia mabango ya zamani: mengi yamegeuka buluu. Majenta na njano ndizo huliwa na jua kwanza, sayani na nyeusi zinabaki. Sura ya mtu iliyochapwa ikiwa na wekundu wa afya, baada ya miezi kadhaa inakuwa kama ya mgonjwa. Kazi inayokwenda kukaa nje usiiegemeze kwenye nyekundu na njano peke yake. Hakikisha umbo na maandishi yanasomeka hata rangi hizo zikiondoka, na muulize mchapaji kama ana wino wa kustahimili jua. Bango la pale kivukoni, tena, husomwa na mtu anayesukumwa na umati akikimbilia feri. Hatasimama. Mpe jina, mahali na tarehe, mengine yaache.

Unyevu nao una lake. Karatasi ikiachwa wazi chumbani hujikunja, kwa hiyo kazi za kuwasilisha zihifadhi zikiwa zimelala bapa ndani ya plastiki.

Ukianza kupata wateja kabla hujamaliza masomo, na utapata, maana harusi na biashara ndogo hapa haziishi, dai nusu ya pesa kabla ya kuanza. Makubaliano yaandike, hata kwa ujumbe wa simu. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi uliyoagizwa kwa kawaida haki zake huhamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Basi andika wazi kwamba unaruhusiwa kuionyesha kwenye jalada la kazi zako, yaani mkusanyiko unaowaonyesha wateja.

Kwa kazi yako ya kwanza muhula huu, fanya hivi. Wiki moja kabla ya kuwasilisha, nenda kwa mchapaji asubuhi na faili la PDF: maandishi yamegeuzwa kuwa maumbo ili fonti isibadilike, picha zina nukta 300 kwa inchi, na blidi ipo. Bango kubwa la kutazamwa kwa mbali nukta 100 zinatosha. Omba akuchapie nakala moja ya majaribio, uitoe nje juani, uitundike, urudi nyuma hatua kadhaa, kisha umwombe mtu asiyeijua kazi yako akusomee kilichoandikwa. Akikwama popote, bado una siku za kutosha kuirekebisha.