Ham: herufi tatu zinazowaangusha wafasiri wapya

Kila kundi jipya la wafasiri likiingia kazini, linajikwaa palepale: kwenye neno la Kiingereza ham. Kwa kuwa ni herufi tatu tu, mnaona hakuna haja ya kufungua kamusi. Mnaandika “nyama”, mnathibitisha segmenti, yaani kipande kimoja cha matini kwenye programu ya kutafsiria, mnaruka kwenda inayofuata. Wapendwa, someni haya kabla ya kugusa kazi nyingine.

1. Soma matini chanzi, yaani ile unayoitafsiri, yote kabla ya kutafsiri segmenti ya kwanza.

2. Ham ya mezani ni paja la nyuma la nguruwe lililohifadhiwa kwa chumvi. Hupakwa chumvi kavu au hulazwa kwenye maji ya chumvi. Baada ya hapo kuna ya kufukizwa moshi, kuna ya kuchemshwa, na kuna ya kuning'inizwa miezi mingi mpaka ikauke, ikaliwa bila kupikwa, kama prosciutto ya Italia na jamón ya Hispania. Chumvi ya naitraiti ndiyo inayoifanya ibaki na rangi ya waridi hata ikishapikwa. Bekoni ni kitu kingine, kwa kawaida hukatwa tumboni au mgongoni. Na Waingereza wana gammon: paja hilohilo la chumvi, ila huuzwa bichi, lazima lipikwe. Ukiiita gammon kwa jina lilelile la ham ya kukatwa na kuliwa papo hapo, unamwelekeza msomaji ale nguruwe mbichi.

Sasa kosa lenyewe. Tunaliungama sisi wakongwe, maana mengine mmeyakuta kwenye kumbukumbu za tafsiri tulizowarithisha, zile hazina ambamo programu huhifadhi tafsiri za zamani na kuzileta tena. Menyu ya hoteli inaingia, vyakula sitini. Segmenti ya nne ni sandwichi ya ham na jibini. Mfasiri anaandika “sandwichi ya nyama na jibini”, anathibitisha, programu inahifadhi. Akifika kwenye kimanda, kumbukumbu inamletea “nyama” na anaikubali. Kwenye saladi, hivyohivyo. Kwenye piza, hivyohivyo. Mhariri anapita: sarufi safi, tahajia safi, istilahi moja mwanzo hadi mwisho. Huo usawa ndio unaomponza, maana kosa likirudiwa sawasawa mara nne linafanana na uamuzi uliofikiriwa. Menyu inachapwa.

Halafu Mwislamu anaketi mezani Mombasa, Unguja au Muscat, anasoma “nyama”. Kwa msomaji huyo, nyama isiyotajiwa mnyama ni ya ng'ombe, au basi mbuzi. Nguruwe hafichwi ndani ya neno hilo. Anaagiza, anakula. Msabato wa Kisii au Musoma naye yumo katika hatari hiyohiyo. Mpishi aliandaa alichoagizwa, mhudumu alileta kilichoandikwa. Aliyemlisha mtu huyo kitu ambacho amekikataa maisha yake yote ni mfasiri. Tafsiri mbovu ya mkataba unaweza kuirekebisha kwa nyongeza. Tonge lililokwisha kumezwa halirudi sahanini. Ndiyo maana hatulichukulii kosa hili kama la mtindo, na ndiyo maana tunawakaripia.

Mkiligundua, msisahihishe faili pekee. Fungueni kumbukumbu ya tafsiri, tafuteni ham kwenye upande wa chanzo, rekebisheni kila ingizo lililokosewa, kisha ingizeni neno sahihi kwenye faharasa ya mradi pamoja na fani yake. Mwambieni mteja siku hiyohiyo kwamba menyu zilizochapwa ziondolewe mezani. Tafsiri tunayoitumia ni “paja la nguruwe la chumvi”. Nafasi ikiwa finyu, ondoeni paja, ondoeni chumvi, nguruwe abaki.

Wajanja wameshajaribu “kitimoto”. Hapana. Kitimoto ni nguruwe wa kukaanga au kuchoma, ni neno la mtaani Tanzania, na mgeni kutoka sehemu nyingine za Waswahili huenda asilijue kabisa. Wengine wanalitohoa liwe “hamu”, tunapata “sandwichi ya hamu na jibini”, na msomaji anabaki kujiuliza ni hamu ya nini. Ham ya bata mzinga ipo kweli: ni nyama ya paja la bata mzinga iliyotengenezwa kwa mtindo wa ham. Huyo msimwongezee nguruwe, ila pia msimwandikie halali kama lebo ya mteja haisemi hivyo. Hamburger haina ham ndani yake. Jina limetoka mji wa Hamburg, Ujerumani, na nyama yake ya kawaida ni ng'ombe wa kusaga. Andikeni baga, mwendelee.

3. Kwenye redio, ham ni mtu: mwenye leseni ya kurusha mawimbi kwa kujifunza na kuwasiliana, bila malipo. Neno la kumfaa tunalo tayari kwenye michezo, ridhaa. Kama kuna ndondi za ridhaa, basi kuna redio ya ridhaa na mwanaredio wa ridhaa. Ham halikuwa kifupisho cha maneno wala majina ya watu, hata kama matini chanzi inadai hivyo. Lilianza kama kejeli ya waendesha telegrafu kwa mwenzao asiye na ustadi, kisha waliokejeliwa wakalibeba kwa fahari. Majina ya kuitana hewani hayaguswi, na mwanzo wake huonyesha nchi: 5H ni Tanzania, 5Z Kenya, 5X Uganda, 9X Rwanda, 9U Burundi, 9Q Kongo ya Kinshasa. CQ (naita yeyote anayenisikia), QTH (mahali nilipo) na 73 (salamu za kuagana) yaacheni yalivyo, kwa kuwa Mjapani na Mrusi wanayatumia hivyohivyo. Masafa nayo yanakiliwe tarakimu kwa tarakimu. Bendi ya mita 20 huanza megahezi 14.000, na nukta ile ikigeuzwa koma msomaji wetu ataona elfu kumi na nne.

4. Jukwaani, ham ni mwigizaji anayezidisha. Kiswahili kinasema kutia chumvi, na inapendeza kukutana na chumvi tena hapa, lakini kwetu hiyo hukaa zaidi kwenye maneno. Kwa uigizaji, semeni anaigiza kupita kiasi, au ana mbwembwe nyingi.

5. Kwa wanaochuja barua pepe, ham ni kinyume cha barua taka. Ni barua halali. Ndiyo, halali. Fani ndiyo inayoamua, rudini namba moja.

6. Hamu mwana wa Nuhu ni jina la Kiebrania na hana undugu na paja la mnyama yeyote. Hapa tunaomba utulivu zaidi. Matini za kikoloni zikisema Wahamiti, yaani wazao wa Hamu, msilibebe neno hilo kama kwamba ni jina la kawaida la watu. Nadharia ya Wahamiti, ambayo mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke aliieneza katika kitabu chake cha 1863, ilidai kwamba ustaarabu wa Maziwa Makuu uliletwa na wageni kutoka kaskazini. Baadaye Watutsi wakaitwa wageni kutoka Ethiopia katika nchi yao wenyewe, na propaganda iliyotangulia mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka 1994 ikalitumia dai hilo. Matini ya kale inukuliwe kwa alama za kunukuu. Matini mpya ya isimu itumie Kiafro-Asia, na Wamaasai waitwe Waniloti, si Wanilo-Hamiti.

7. Mchezaji akiumia hamstring, ni misuli ya nyuma ya paja, na iko mitatu. Msiandike “kano ya paja” isipokuwa daktari ametaja kano. Kitenzi chake, kwenye siasa au biashara, ni kukwamisha au kulemaza.

8. West Ham, Birmingham, Tottenham: majina ya mahali hayatafsiriwi. Mkitakiwa kueleza asili, kuweni waangalifu, kwa sababu Kiingereza cha Kale kilikuwa na maneno mawili yaliyoishia kufanana. La kwanza ni makazi, kama Birmingham, makazi ya watu wa Beorma. La pili ni ardhi iliyozungukwa na maji au kinamasi, na humo ndimo zilimo West Ham na Fulham. Anayeandika kwamba West Ham maana yake ni “nyumbani magharibi” amechukua neno la kwanza akalipachika kwenye la pili.