Usirukie Mapigano

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, nimeangalia episodi tatu za ile Swallowed Star uliyoisifia, nimechoka. Vita vya angani vinaanza wapi nirukie huko?" Nilikaa na ujumbe huo siku nne bila kujibu. Swali hilo niliwahi kujiuliza mwenyewe, na jibu nililojipa lilininyima utamu wa katuni hii kwa karibu miaka miwili.

Kwa wasioijua: ni katuni ya Kichina, jina lake la kwao ni Tunshi Xingkong, ilianza kuonyeshwa Tencent Video Novemba 2020 na imeshavuka episodi mia moja. Imetokana na riwaya ya mtandaoni iliyoanza kutoka 2010 ikamalizika 2012, ya mwandishi anayejiita Wo Chi Xihongshi, maana yake "Nakula Nyanya". Virusi vya RR vimewageuza wanyama kuwa mazimwi, watu wamebanana kwenye miji yenye ulinzi, na kijana mmoja, Luo Feng, anaanzia humo hadi kufika nyota za mbali kabisa.

Mimi mwanzoni nilizikimbilia hizo nyota. Nilikuwa nanunua bando la usiku, naruka nyumbani kwao, naruka shuleni, natafuta panapowaka moto tu. Nikafika pale Luo Feng anapopambana na yule mnyama wa pembe za dhahabu na kuupoteza mwili wake mwenyewe ili amuue. Sikusikia chochote moyoni. Ningesikiaje? Sikujua huko nyumbani nani angemlilia. Nikazima simu, nikaamua kwamba Wachina hawajui kusimulia.

Aliyenirudisha ni mdogo wangu wa kiume. Likizo moja alikuja kukaa kwangu, tukaweka laptopu mezani, akasema tunaanza ya kwanza au hatuangalii. Nikakubali kwa shingo upande.

Basi ndipo nikamwona Luo Feng kabla hajawa shujaa. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Wazazi wawili na watoto wawili katika nyumba ndogo ya kodi nafuu. Mdogo wake, Luo Hua, yuko kwenye kiti cha magurudumu. Na kila mara kichwa kinampasuka kwa maumivu, mpaka anazimia kwenye chumba cha mtihani wa kuingia chuo kikuu, ule ambao familia nzima ilikuwa inausubiri.

Hapo nilisimamisha picha, nikaenda kusimama jikoni.

Sijawahi kuliandika hili. Mwaka niliofanya mtihani wa kidato cha sita, malaria ilinipanda asubuhi ya karatasi ya pili ya Kemia. Nakumbuka kuandika namba yangu ya mtihani, na baada ya hapo nakumbuka dari la zahanati. Matokeo yalipotoka, mjomba alisema mbele ya ukoo mzima: "Wenzako wanafanya mtihani na mimba ya miezi tisa, wewe homa tu." Hajawahi kuyafuta maneno yale, na mpaka leo tukikutana msibani nayasikia kabla hajafungua mdomo. Miaka iliyofuata naipita. Nilirudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikafaulu, na leo ni mfamasia.

Sasa nisikilizeni wadogo zangu, maana najua wengi mnaonisoma mnatafuta njia kama niliyoitafuta mimi. Yale maumivu ya Luo Feng yanakuja kugundulika kuwa ni nguvu ya akili iliyokuwa inaamka ndani yake, hadi anarusha visu bila kuvigusa. Ni uhondo mtupu. Lakini msikae kusubiri ugonjwa wenu ugeuke kipaji. Kabla ya hapo Luo Feng alikuwa mtu wa mazoezi kila siku, na anayeruka episodi za mwanzo haoni mazoezi hayo, anaona bahati tu. Ndiyo maana nasema msiruke.

Angalieni mbili kwa usiku, si kumi. Maandishi ya tafsiri yanapita haraka, simamisheni msome. Nyuso za mwanzoni zimekakamaa kidogo, vumilieni, kazi ya uchoraji inazidi kuwa nzuri kadiri mnavyokwenda. Na angalieni na mtu wa nyumbani ikiwezekana. Na msiruke, narudia.

Zawadi yangu mimi ilikuwa pale Luo Feng anapoitoa familia yake kwenye kile kijumba na kuihamishia kwenye nyumba kubwa. Hakuna zimwi hata moja hapo, wala chombo cha angani. Nililia, sikujificha. Mdogo wangu alibonyeza kitufe cha kusimamisha, akakaa kimya, kisha akasema bila kuniangalia:

"Dada, siku ile walipokutoa kwenye chumba cha mtihani, viatu vyako vilibaki mlangoni. Mimi ndiye nilivibeba."

Alikuwa kidato cha pili shule hiyohiyo. Miaka yote nilijua tu kwamba nilivikuta chini ya kitanda bwenini, vimefutwa vumbi.