Nyumba ya zamani Mwanza: anza na namba ya kiwanja

Wengi wanaotafuta historia ya nyumba ya zamani mjini Mwanza huanza kwa kuulizia jina la mwenye nyumba wa kwanza, na hapo ndipo wanapopotea. Makarani waliandika majina ya Kihindi na Kiarabu kila mmoja kwa sikio lake, hata ndani ya jalada moja. Mitaa nayo ilibadilishwa majina. Barabara zenye majina ya Lumumba, Rwagasore au Balewa hazikuitwa hivyo kabla ya miaka ya 1960, kwa hiyo barua ya mwaka 1950 inayohusu nyumba yako itataja barabara usiyoijua. Kitu kinachodumu kuliko vyote hivyo ni namba ya kiwanja na kitalu.

Namba hiyo utaipata kwenye hati, kwenye risiti ya kodi ya pango la ardhi, au kwenye mkataba wa upangaji kama nyumba ni ya Shirika la Nyumba la Taifa. Ukishaipata, nenda ofisi ya ardhi uombe upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Upekuzi wa kawaida unakuonyesha mmiliki wa sasa, muda uliobaki, na kama kuna rehani au zuio, basi. Historia inabidi uiombe wewe: miamala ya nyuma, pamoja na ramani ya upimaji iliyo ya zamani kuliko zote. Ramani hiyo ndiyo itakayokwambia kama kiwanja kiliwahi kugawanywa. Ukikosa hatua hii unaweza kumfuatilia mmiliki wa nyumba ya jirani bila kujua. Nenda na barua ya mwenye nyumba. Milango hufunguka upesi zaidi.

Usichukue tarehe ya hati kuwa umri wa nyumba. Mwaka 1963 ardhi zilizokuwa mali ya mtu moja kwa moja zilibadilishwa kuwa ukodishaji wa serikali wa miaka 99, na mwaka 1969 ukodishaji huo ukageuzwa tena kuwa haki ya kumiliki. Kwa hiyo muda unaoanzia 1963 unaweza kuwa juu ya ukuta uliosimama tangu enzi za Mjerumani.

Tarehe nyingine ya kuisaka ni 1971, ilipopitishwa sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000. Yalikwenda kwa Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 shughuli zake zikaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Ndiyo maana wazee wa katikati ya mji bado wanasema "nyumba za Msajili". Jengo lililozidi miaka 10 halikulipiwa fidia, hivyo umri ulikuwa suala la pesa. Ukibahatika kukuta barua za wakati huo zinazotaja mwaka wa ujenzi, kumbuka kwamba mwenye jengo alikuwa na kila sababu ya kulifanya lionekane changa.

Sasa itazame nyumba yenyewe. Kwenye maduka ya zamani mwaka huandikwa juu ya ukuta wa mbele, karibu na paa. Kama tarakimu ni za Kigujarati na zinasomeka kitu kama 2005, si kosa la fundi: ni Vikram Samvat, kalenda ya Kihindu. Mwaka wake kwa Wagujarati huanza Oktoba au Novemba, kwa hiyo toa 57 kwa miezi ya kuanzia hapo hadi Desemba, au 56 kwa iliyobaki. 2005 ni 1948 hadi 1949. Mwaka wa Hijria uzidishe kwa 0.97 kisha ongeza 622: 1350 inakupeleka 1931.

Kama paa ni la vigae vyekundu vya Mangalore, mji wa India, geuza kimoja. Jina la kiwanda limechapwa chini yake. Kiwanda cha Basel Mission, wamisheni kutoka Uswisi, kilianza mwaka 1865, na wamisheni hao walikipoteza kwa sababu ya Vita Kuu ya Kwanza, kwa hiyo chapa hiyo inaashiria bidhaa ya kabla ya vita. Lakini vigae huhamishwa kutoka paa moja hadi jingine. Geuza kadhaa, sehemu mbalimbali za paa. Chapa zikichanganyika, paa limekwisha kufumuliwa.

Kuta zipime dirishani, unene wake, uone sehemu zipi zilijengwa pamoja. Ufa ulionyooka wima toka chini hadi juu kwa kawaida ni pale chumba kipya kilipogundishwa. Vyumba vyenye futi kamili, 10 kwa 12, visikushawishi kwamba ni vya Mwingereza. Mafundi wetu hadi leo wanapima kwa futi.

Kwa picha na nyaraka za Kijerumani, tafuta "Muansa", maana ndivyo walivyoandika. Kituo chao kilianza mwaka 1892, na Waingereza wakauteka mji Julai 1916. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt imeweka mtandaoni picha za Jumuiya ya Kikoloni ya Ujerumani, bure. Kwa enzi ya Mwingereza, nenda Kumbukumbu za Taifa, Upanga, Dar es Salaam, ukaombe kitabu cha wilaya ya Mwanza, yaani daftari la kumbukumbu la maofisa wa wilaya.

Ukipata picha ya zamani usitafute nyumba kwanza. Tafuta majabali. Majengo yamebomolewa na miti imekatwa, ila mawe ya Mwanza yako palepale. Chagua mawili, moja la mbele na moja la mlimani nyuma yake, kisha tembea mpaka yakae kwenye mstari kama yalivyo pichani. Fanya hivyo kwa jozi nyingine, na mistari miwili inapokutana ndipo mpiga picha aliposimama. Ufukwe wenyewe usiuamini. Kati ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda zaidi ya mita 2, na mwaka 2020 lilijaa tena. Jiwe la Bismarck, lile jabali la ziwani, kwenye picha ya kabla ya 1961 litaonekana refu zaidi, na ramani ya miaka ya 1950 inaweza kuonyesha uwanja mahali ambapo leo ni maji.

Wazee waendee mwisho, ukiwa na kitu mkononi. Ukimuuliza mzee "nyumba hii ilijengwa mwaka gani?" atakubahatishia, kwa heshima tu. Baada ya shikamoo, mpe picha anyamaze nayo, kisha uliza kwa matukio: ilikuwapo ziwa lilipojaa? Kabla ya Azimio la Arusha au baada? Vita vya Kagera vilimkuta nani humu? Andika pia nani alikuwa balozi wa nyumba kumi, kwani mtu huyo au watoto wake wanajua nani alihamia lini. Nyumba nyingi za mjini zina ugomvi wa mirathi, kwa hiyo sema mapema kwamba wewe si mthamini wala dalali. Mkianza kuvutana kuhusu nani ni mrithi halali, funga daftari na uzungumzie mtaa.