Jiwe kwenye mrija wa nyongo, lazima apasuliwe?
Pole na mama, dada. Hapana, jiwe lililokwama kwenye mrija wa nyongo kwa kawaida halihitaji kupasua tumbo. Mwulizieni ERCP: kamera nyembamba hupitishwa mdomoni hadi mwanzo wa utumbo mdogo, mdomo wa mrija unachanwa kidogo, jiwe linavutwa kwa kikapu cha waya au puto. Likiwa kubwa, husagwa kwanza humohumo ndani. Tatizo linaloogopwa ni kongosho kuvimba baadaye, kwa hiyo msione haya kumuuliza daktari ameshafanya ngapi. Kifuko cha nyongo chenyewe mara nyingi hutolewa baadaye kwa matundu madogo, la sivyo mawe huweza kurudi. Ila akipata homa, kutetemeka na macho ya njano, msingoje miadi, mpelekeni leo hii.