Kioo kipya kinachopinda barabara: namna ya kumdai aliyekuuzia

Kioo cha mbele cha gari kikipasuka, hakina ubishi. Tabu ni kioo kizima, kinang'aa, lakini ukikaa nyuma ya usukani nguzo za stima zinacheza. Muuzaji husimama nje ya gari, akakipangusa kwa kitambaa, akakuambia kiko sawa. Mimi niliambiwa "utazoea, bosi" na fundi ambaye alishaanza kukusanya vyombo vyake. Sikuzoea. Usiku taa za malori zilinijia mbilimbili, na nikifika nyumbani kichwa kinagonga.

Kioo changu cha awali kilivunjwa na jiwe barabara ya Mombasa kwenda Nairobi. Bima ikanielekeza kwa duka la vioo, duka likaniwekea kingine. Duka silitaji, kwa sababu mwishowe tulielewana. Ninachotaka kueleza ni njia, maana wengi hukata tamaa pale pale gereji wakidhani sheria haina neno juu ya kitu kama hiki. Inalo.

Kabla ya sheria, jua unachodai. Kioo cha mbele ni vioo viwili vyembamba vilivyopindwa kwa moto vipate umbo la gari, kisha vikagandishwa pamoja kwa utando wa plastiki. Upindaji ukienda kombo, au utando ukawa mnene hapa na mwembamba pale, mwanga hupita ukiyumba. Magari ya siku hizi kioo chake kimelala sana, kwa hiyo kasoro ndogo huonekana kubwa. Ukingoni, mawimbi kidogo si ajabu hata kwa kioo cha kiwandani, na ukilalamikia ukingo utajiharibia kesi. Linalohesabika ni eneo lililo mbele ya macho ya dereva. Kanuni nambari 43 ya Umoja wa Mataifa kuhusu vioo vya magari huweka kipimo kikali zaidi hapo. Kioo kilichopimwa kwa kanuni hiyo huwa na herufi E ndani ya duara, pamoja na 43R, kwenye pembe. Vya soko la Japani au Marekani vina alama zao, basi usikimbilie kusema ni bandia.

Ushahidi ndio kesi yenyewe, na hapa usiwe mvivu. Egesha gari likitazama ukuta wa matofali au mabati, mahali penye mistari iliyonyooka. Weka simu pale macho yako yanapokaa unapoendesha, ielekeze mbali, kisha isogeze taratibu kushoto na kulia huku ikirekodi. Kioo kibovu kitaifanya mistari ijikunje kama pazia kwenye upepo. Kisha rekodi ukuta ule ule ukiwa nje ya gari, ili pawe na cha kulinganisha. Mweke mtu mwingine kwenye kiti chako aseme anachokiona, kwa sababu swali la kwanza la muuzaji litakuwa juu ya miwani yako. (Nami niliulizwa hilo hilo, na sivai miwani.) Kama una karatasi ya kivuli juu ya kioo, iondoe kwanza. Baada ya hapo tafuta ripoti ya maandishi kutoka kwa mkaguzi asiyehusika na duka. AA Kenya, chama cha wenye magari, hukagua magari, na karatasi yenye mhuri huzungumza kuliko fundi wa mtaani, hata akiwa anajua zaidi.

Sasa sheria. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31 ya Kenya, kifungu cha 16, inaweka masharti ambayo hayahitaji kuandikwa kwenye risiti: ukinunua kwa mtu anayeuza bidhaa za aina hiyo, iwe na ubora wa kuuzika, na ukimjulisha kazi yake, iifae kazi hiyo. Kioo cha mbele kazi yake ni kuona. Kuna mlango mmoja wa kutokea aliopewa muuzaji: kama uliikagua bidhaa, hawezi kubanwa kwa kasoro ambayo ukaguzi huo ungepaswa kuifichua. Jibu lako kwake ni kwamba chini ya kibanda cha gereji, mbele ya rundo la matairi, mawimbi hayaonekani. Yanaonekana barabarani.

Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 nayo inabatilisha maandishi yanayojaribu kukunyang'anya ulinzi huo wa ubora. Kwa hiyo ile "bidhaa ikiuzwa hairudishwi" iliyopigwa mhuri chini ya risiti isikutishe. Kinachoweza kukuponza ni muda. Ukikaa na kioo miezi bila kulalamika, utahesabiwa umekikubali, na haki ya kukirudisha itapotea. Itabaki ya kudai fidia, ambayo kwa mkataba ina miaka sita. Andika barua siku chache baada ya kugundua, hata kama ni ya WhatsApp, useme wazi kwamba unakikataa kioo.

Kama bima ndiyo iliyolipa, waandikie wote wawili, duka na kampuni ya bima. Watataka kurushiana mpira. Bima iliyochagua kukutengenezea gari badala ya kukupa pesa inapaswa kuona kazi imefanywa sawasawa, na ikikaidi, Mamlaka ya Kudhibiti Bima hupokea malalamiko. Lakini usitie sahihi ile karatasi ya kukiri kwamba umeridhika na kazi kabla hujaendesha gari mchana na usiku. Wataikuletea ukiwa na haraka.

Aliyenunua gari jipya akakuta kioo hivi ana dhamana ya muuzaji. Dhamana nyingi hazigusi jiwe, ila kasoro ya kiwandani ni habari nyingine. Aliyeagiza gari lililotumika moja kwa moja kutoka Japani kwa mtandao yuko pabaya, kusema kweli. Gharama ya kumfuata muuzaji wa Yokohama inazidi kioo.

Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka uamuzi utoke ndani ya siku 60. Mimi sikufika huko. Barua ya madai iliyotaja kifungu cha 16, ikiwa na picha, ripoti na tarehe ya mwisho ya kujibu, ilitosha kumfanya mwenye duka apige simu mwenyewe, tena kwa sauti ya upole.

Kwa wasomaji wa Tanzania, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya huko, Sura ya 214, ina maneno yanayokaribiana sana na haya, kwani zote zilichotwa kutoka sheria ya Uingereza ya 1893.

Katika barua yako dai zaidi ya bei ya kioo. Taja ufundi, ukaguzi na, kama gari lina kamera kwenye kioo cha mbele, nyuma ya kile kioo kidogo cha kutazamia nyuma, gharama ya kuilenga upya kamera hiyo. Duka langu lilikuwa tayari kubadilisha kioo bure. La kamera ndilo tulilovutana.