Maswali yenu: Sonona, moyo kwenda mbio na chumba cha mwanasaikolojia

Mume wangu ana duka la vifaa vya ujenzi. Mwezi wa tatu huu halifungui. Anaamka saa 9 usiku, anakaa sebuleni gizani mpaka kunakucha. Amepimwa malaria mara 4, taifodi mara 2, ametibiwa hadi vidonda vya tumbo. Mama mkwe anasema ni uvivu, shemeji anasema karogwa. Nimpeleke wapi?
*Mama wa wawili, Morogoro*

Mama, uvivu haumwamshi mtu saa 9 usiku. Mvivu analala. Kuamka masaa 2 au zaidi kabla ya muda uliouzoea, na moyo kuwa mzito kuliko wakati wowote asubuhi kisha ukapungua kidogo jioni, ni dalili inayojulikana sana ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito na kukosa hamu.

Kwa nini hospitali zimekuwa zikimpima malaria? Kwa sababu akifika anasema mwili hauna nguvu na tumbo linamsumbua. Hadanganyi, sonona inauma mwilini kweli: kichwa, mgongo, tumbo. Lakini mbele ya daktari mwenye foleni ya watu 60, maneno hayo yanazaa karatasi ya maabara. Safari hii mwende wote wawili, nawe useme hivi: “Ana miezi 3 hana hamu ya kitu alichokuwa anakipenda, anaamka usiku wa manane, hali chakula vizuri, kazi imemshinda.” Hapo mazungumzo yanabadilika.

Atasomewa maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita: usingizi, hamu ya kula, kujiona hafai, kushindwa kutuliza akili, na mengineyo. Kila swali lina alama 0 hadi 3, yaani hapana kabisa, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku, karibu kila siku. Jumla ya juu kabisa ni 27. Akifikisha 10, anatakiwa kuchunguzwa zaidi. Alama peke yake haimpi mtu ugonjwa. Ombeni pia apimwe wingi wa damu, sukari na homoni za tezi ya thairoidi (iliyoko shingoni), maana upungufu wa damu na tezi hiyo ikifanya kazi kwa ulegevu vinaweza kufanana na sonona. Kama anakunywa pombe ili apate usingizi, asifiche. Pombe inamlaza saa 4 usiku na kumwamsha saa 9.

Anzieni kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Ulizeni kliniki ya afya ya akili ni siku gani, kwani mara nyingi haifunguliwi kila siku, na kama hakuna, ombeni rufaa ya mkoa. Daktari wa magonjwa ya akili anaandika dawa. Mwanasaikolojia haandiki dawa, anatibu kwa vikao. Sonona ya wastani inaweza kuanzia kwa mwanasaikolojia. Ila mtu asiyekula, asiyetoka kitandani au anayetaka kufa aanze kwa daktari.

Kikao ni dakika 45 hadi 60, viti viwili na karatasi. Wanaume wengi huanza na “niko poa tu”, kwa hiyo mtaalamu mzoefu haulizi “unajisikiaje?” Anauliza jana uliamka saa ngapi, ukafanya nini baada ya chai. Halafu anatoa kazi ya nyumbani: jedwali la wiki, kila saa shughuli gani, na moyo ulikuwa wapi kati ya 0 na 10. Wiki inayofuata wanachagua kitu kidogo cha kurudisha. Kwa mumeo isiwe kufungua duka siku nzima. Iwe kufungua mlango mmoja saa 3 asubuhi, kufagia mbele kwa dakika 10, kisha kufunga. Watu husubiri hamu irudi ndipo wafanye. Kwenye sonona mambo yamegeuka, kitendo kinatangulia na hamu inafuata nyuma, tena kwa kuchelewa.

Tiba ya namna hii huchukua takriban vikao 12 hadi 20. Wengi wanakimbia baada ya cha pili kwa kuwa “tunaongea tu”. Wavumilie, ila wakifika kikao cha 6 na alama za yale maswali 9 hazijasogea, wana haki ya kuuliza mpango ubadilike vipi.

Shemeji usigombane naye. Dua na kliniki vinaweza kwenda pamoja, mradi asiambiwe afunge kula au aache dawa.

Jambo moja usiliahirishe. Muulize leo, waziwazi: “Umefikia kuwaza kufa?” Kuuliza hakumpi wazo hilo. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake, sumu za wadudu na dawa zote zitoke nyumbani, na afikishwe hospitali siku hiyo hiyo.

Nikipanda daladala moyo unaenda mbio, vidole vinakufa ganzi, nahisi nakata roho. Kipimo cha moyo ni safi. Sasa natembea kwa miguu.
*Dada wa Mbagala*

Hofu inapokupanda unapumua haraka bila kujua. Hewa ya kabonidayoksaidi inapungua kwenye damu, ndiyo maana ganzi na kizunguzungu. Shambulio hili la hofu hufika kilele ndani ya dakika 10 hivi, kisha linashuka lenyewe. Ukishuka kituo kinachofuata, ubongo unaamini kushuka ndiko kulikokuokoa, na kesho unaogopa zaidi.

Vuta pumzi kwa hesabu ya 4, toa kwa hesabu ya 6, dakika 5. Mfuko wa karatasi mdomoni usitumie. Kisha rudi hatua kwa hatua: simama kituoni dakika 15, panda kituo kimoja na mtu, kituo kimoja peke yako, halafu vitatu. Usishuke hofu ikiwa juu, ngoja ipungue angalau nusu. Na kama una chupa ya maji unayoishika kama hirizi, siku moja iache nyumbani. Valiamu (vidonge vya kutuliza hofu) za dukani zinatuliza haraka na kuzoesha haraka, usizianze kwa ushauri wa jirani. Maumivu ya kifua yanayokuja ukipanda ngazi, au yanayoshuka mkono wa kushoto pamoja na jasho la baridi, hayo ni ya hospitali mara moja.

Nimemeza fluoksetini, dawa ya sonona, miligramu 20 kwa siku 10, napata kichefuchefu tu. Niache?
*Msomaji, Tanga*

Usiache. Kero hutangulia, nafuu huja wiki ya 2 hadi ya 4, wengine ya 6. Meza asubuhi baada ya kula, kwa kuwa usiku inafukuza usingizi. Ukianza kuhangaika usitulie, ukapata mawazo ya kufa, au usiku mbili hulali na bado una nguvu za ajabu na maneno hayaishi, rudi kwa daktari siku hiyo. Ukipona, utaendelea miezi 6 hadi 12, kisha daktari ataipunguza polepole. Wanaoacha wiki wanapojisikia wazima ndio wanaorudi kliniki. Ukisahau kidonge cha leo, meza cha kesho saa ile ile, si viwili kwa mpigo.